Ukuta Wetu na Kina Bi Rukia

Majuzi fundi alikuja kunikwangulia ukuta wa bafu. Alipogonga lipu ya kwanza ikaanguka, ikatoka ile harufu ya chokaa iliyokaa na maji muda mrefu, harufu ya udongo na jiwe bovu, nami papo hapo nikapandwa na hasira. Fundi wa watu hakunikosea lolote. Aliniuliza kama niko sawa, nikamjibu kwa ukali kwamba niko sawa, afanye kazi yake. Kuna watu ambao harufu huwarudisha kwenye utoto mtamu, wakakumbuka mahamri ya mama zao. Mimi harufu yangu ya utotoni hunitibua nyongo, na kwa umri huu nimechoka kujifanya kwamba yamekwisha.

Nyumba yetu ilikuwa Ndia Kuu, Mombasa, juu ya karakana ya Baba aliyekuwa akitengeneza vyerehani. Wenzangu mliokulia Mji wa Kale hamhitaji kuelezwa nyumba zile. Ukuta wako ndio ukuta wa jirani yako. Mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene kiasi cha mtu kulala ndani yake, na bado ukimsikia mwenzio akikohoa. Ukuta wetu wa nyuma tuliushiriki na Bi Rukia, mjane mwenye sauti ya upole na ukoo uliokuwa pale tangu mji haujawa na lami. Hakuna aliyejua tena nani aliujenga, wao au sisi. Mimi nilikuwa nikiingia kwao na kutoka bila hodi, na sahani zao zilikuwa kabatini kwetu na zetu kwao.

Sisi tulikuwa Wayahudi. Nalisema hapa waziwazi kwa sababu wakati ule halikuwa likisemwa, si kwa kufichwa, ila hakukuwa na haja. Babu alitoka Adeni na mashine zake za kushonea, na mtaa ukatuita watu wa Adeni, kama ulivyowaita wengi wengine waliotoka huko na hawakuwa wa dini yetu. Tulizungumza Kimvita, tulikula wali wa nazi, tulikwenda kwenye harusi na matanga ya watu nao wakaja kwenye yetu. Mara moja kwa mwaka tulipanda basi kwenda Nairobi kufunga ile saumu kubwa pamoja na wenzetu. Siku nyingine zote dini yetu ilikuwa Nyanya, mamake Baba.

Nyanya alikuwa na wazo moja alilolishikilia kuliko yote: kwamba mtu hahukumu kwa akili yake, huhukumu kwa akili ya mahali anapokaa. "Mtu hujiona ana rai yake," alikuwa akisema, "kumbe ameiokota barazani alipokuwa akipita." Kwa hivyo, alisema, wazee wetu waliwekeana kawaida za kumfunza mtu kusimama kando kidogo ya mtaa wake na kutazama upya. Kawaida yake yeye ilikuwa ya Ijumaa jioni. Akishawasha taa za Sabato, na kabla mkate haujamegwa, kila mmoja wetu alitakiwa amtaje mtu aliyemkasirisha wiki ile, kisha amtafutie udhuru. Si kumsamehe tu. Udhuru hasa, wenye kichwa na miguu. Nikisema mtoto fulani shuleni kachukua kalamu yangu, Nyanya alinitazama akingoja, nami nikafikiri, nikasema pengine yake imevunjika na akaona haya kuomba. "Na pengine nini tena?" Pengine babake ni mkali. "Na pengine nini tena?"

Nilikuwa hodari kwelikweli. Ningeweza kumtafutia mwizi wa mchana udhuru ukamtoa machozi mwenyewe. Baba alinisifu mbele ya wateja wake. Bi Rukia aliposikia habari ya mchezo wetu wa Ijumaa alicheka akasema hata kwao watu hufunzwa hivyo hivyo, umtafutie mwenzio udhuru hadi uishiwe, na kwamba mtaa mzima ungetakiwa kufanya kama sisi. Niliona fahari. Nilidhani dunia nzima inashikiliwa na mkono wa Nyanya.

Jambo la pili alilonifunza lilikuwa la kuta. Aliniambia kwamba zamani sana, katika nchi ya wazee wetu, doa la kijani au jekundu liliweza kutokea kwenye ukuta wa nyumba kwa sababu ya ulimi mbaya wa mwenyewe, au mkono wake mgumu wa kutoa. Mwenye nyumba alikwenda kwa kuhani. Na hata akiwa mtu wa elimu aliyejua hakika ni nini, hakuruhusiwa kusema nyumba yangu ina doa. Alisema, naona kitu kama doa. Kuhani aliamuru vyombo vyote vitolewe nje kwanza, visije vikahukumiwa pamoja na nyumba. Na ukuta ukiwa wa ushirika, kosa laweza kuwa la mmoja, lakini mawe yenye doa huyang'oa wote wawili.

"Hata asiyekosa?" niliuliza.

"Hata asiyekosa. Ukuta ni wao wote."

Sasa mpe mtoto wa miaka tisa elimu kama hiyo halafu umwache atembee Mji wa Kale. Kila asubuhi nikienda shule nilisoma kuta. Mnazijua kuta zile, hakuna isiyo na kijani. Kwa hesabu yangu karibu mji mzima ulikuwa wa wasengenyaji na mabahili. Niliogopa sana kwa ajili ya mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekaa nyuma ya msikiti, kwani ukuta wake ulikuwa na doa toka dirishani hadi chini, na mzee mwenyewe alikuwa mpole aliyetugawia tende. Aliyetoka msafi alikuwa mmoja tu, muuza vinyago aliyepaka nyumba yake rangi kila msimu wa watalii. Nilimwambia Baba kwamba yule ndiye mtu mwema kuliko wote Ndia Kuu. Baba alicheka hadi akaangusha bisibisi. Aliponyamaza aliniambia ile ni chumvi ya bahari tu, hupanda ukutani, na hakuna mtu wa kulaumiwa. Mimi nilidhani anawatafutia majirani udhuru. Nikaona ni udhuru mzuri.

Mwaka ninaouzungumzia, mvua hazikujua kukatika. Wa rika langu mtazikumbuka, jinsi malori yalivyosimama foleni Makupa yakisubiri habari za barabara iliyoliwa na maji huko mbele, na mabasi ya bara yakichelewa hadi watu wakaacha kuuliza. Mama alikuwa Nairobi akimuuguza dadake na hakuweza kurudi. Nyumbani tulikuwa Baba, Nyanya na mimi, na paa likinguruma mchana kutwa.

Babu alikuwa amejenga birika juu, pembeni mwa ukuta wa ushirika, la kukinga maji ya paani, kwa sababu maji ya mfereji yalikuja yalipotaka. Mvua zile zililijaza likafurika. Siku moja Nyanya aliniita kwenye chumba cha nyuma. Ukutani, chini ya lile birika, palikuwa na doa la kijani lenye ukingo wa kahawia, kubwa kama sinia la pilau.

Baba alikuja na tochi. Akagusa kwa kidole, akalamba kidole. Nami nikagusa, nikalamba. Palikuwa na ladha ya udongo na chokaa, lakini chumvi hapakuwa na hata chembe.

"Si bahari," nilisema.

"Mvua zikipita tutapaka chokaa," alisema Baba, akazima tochi.

 Nilimngoja Nyanya aseme kwamba anaona kitu kama doa. Baadaye nilipomuuliza, aliniambia sheria ile haina kazi tena, hakuna kuhani Mombasa, na pasipo kuhani doa si doa, ni unyevu. Nilimwambia lakini lipo. Akasema lipo, na si doa. Nakumbuka nilivyosimama pale mlangoni nikihisi kama nimeulizwa swali la hesabu lililokosewa kuandikwa.

Upande wa pili wa ukuta ule ndipo palipokuwa na ghala la Bi Rukia, na ndani ya ghala mlikuwa na sanduku. Binti yake Salma alikuwa aolewe. Upande wa bwana harusi ulikuwa umeshaleta sanduku lake kama ilivyo ada, leso doti kwa doti, magauni, mabuibui ya hariri, vitambaa vya kushona. Vitu vile si zawadi tu. Siku ya harusi wanawake wa pande mbili huvitazama, na kwa namna vilivyotunzwa watu hupima heshima ya nyumba iliyovipokea. Aliyeachiwa kazi ya kuvitunza ni Kadzo.

Kadzo alikuwa mtumishi wa Bi Rukia. Alitoka Kaloleni akiwa msichana, Mkristo, akaingia nyumba ile Salma hajaota meno, akamlea mgongoni, na nilipozaliwa mimi akanibeba na mimi, kwa sababu mgongo ulikuwapo na ukuta ulikuwa mmoja. Alikuwa na kawaida ya kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ndogo akikuna nazi. Nyanya alisema Kadzo ana mikono miwili ya kulia.

Siku sanduku lilipofunguliwa ili nguo zifukizwe udi, nilikuwa kwao, nimekaa ngazini. Walikuwapo Bi Rukia, Salma, Kadzo, na Bi Salha, dadake Bi Rukia, aliyekuwa na sauti ya kuita meli. Kifuniko kilipoinuliwa ilitoka ile harufu. Leso ya juu ilikuwa na vidoa vyeusi vya koga, na ya pili, na magauni, na rangi za vitambaa zilikuwa zimeingiana. Salma alikaa chini akaanza kulia kimyakimya.

"Nani aliyezitia humu?" Bi Salha aliuliza.

"Ni mimi," Kadzo akasema. "Bi Rukia aliniambia nizitoe nje siku lile jua lilipotoka. Nilizianika toka asubuhi mpaka alasiri. Zilikauka."

"Zilikauka, kisha zikaota koga zenyewe?"

"Zilikauka, Bi Salha."

"Umezikunja mbichi. Hapana jengine. Umezikunja mbichi ukafanya haraka kwenda kwenye mambo yako."

 Kadzo alimtazama Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa akitazama nguo. Nami kutoka pale ngazini niliona, nyuma ya kichwa cha Salma, juu kidogo ya sanduku, doa. Lilikuwa lile lile letu, umbo lile lile, ila limegeuka kama lionekanavyo ua la leso ukiitazama upande wa nyuma. Nilishangaa kwamba hawalioni. Walikuwa wamesimama karibu nalo kiasi cha kuliegemea.

Nilikimbia nyumbani. Baba alikuwa karakanani, amefungua kichwa cha cherehani ya mtu. Nilimwambia kwamba doa limetokea upande wa pili na nguo za Salma zimeharibika na wanamlaumu Kadzo. Sauti zilikuwa zikisikika ukutani wakati ule ule.

"Nasikia," alisema Baba.

"Basi nenda ukawaambie."

Alichukua uzi, akaulowesha ncha kwa mate, akauelekeza kwenye tundu la sindano. Ukakosa. Akaurudia. Baba alikuwa mtu wa kutia uzi mara ya kwanza hata bila miwani, na siku ile niliutazama ule uzi ukikosa tundu huku yeye akiurudia kwa utulivu mkubwa, mpaka nikatamani kumpokonya.

Kabla ya magharibi Kadzo alipita mlangoni kwetu na fungu lake la nguo. Alikuja kumuaga Nyanya.

"Bibi, mie naenda."

"Wenda wapi na mvua hii, mwanangu?"

"Kuna dadangu Mwembe Tayari. Nitakaa naye."

Nyanya aliingia ndani akatoka na mkate na leso mpya, akamfunga nayo mabegani mwenyewe, akamuombea dua ndefu ya safari njema. Alimshika uso kwa mikono miwili. Yote aliyafanya isipokuwa lile moja. Kadzo alinibusu utosini, akatazama mlango wa karakana ambao ulikuwa wazi nusu, akasema, "Kwaheri, Fundi." Baba akaitika kutoka ndani.

Ijumaa ile nilikaa mezani nikiwa nimejiandaa. Nyanya aliwasha taa. Baba ndiye aliyeanza, akasema wiki hii amemkasirikia Bi Rukia kwa kumfukuza mtu katika mvua, lakini pengine Rukia ana hofu na wakwe, na pengine mjane hana mwanamume wa kumsemea. Nyanya akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye akasema amemkasirikia Bi Salha kwa ulimi wake, lakini pengine Salha ana maumivu ya magoti, na mvua huyazidisha. Zamu yangu ikafika.

"Mimi nimemkasirikia Baba," nilisema.

Hakuna aliyeshtuka. Nyanya alisema vizuri, mtafutie.

"Sitaki kumtafutia. Yuwajua ni birika letu."

"Mtafutie, mwanangu."

"Nyanya, na Kadzo? Nani amemtafutia Kadzo?"

Nyanya alifikiri kwa haki kabisa, nampa hilo. Kisha akasema, "Kadzo hakukosa. Atafutiwa udhuru wa nini?"

Nimelibeba jibu hilo miaka yote hii na bado linanichoma. Tulikuwa na udhuru wa kila mkosaji wa Ndia Kuu. Tulikuwa nao wa Bi Rukia, wa Bi Salha, wa Baba, wa mvua yenyewe. Asiyekosa ndiye hatukuwa na kitu cha kumpa, kwa hivyo tulimpa mkate na leso. Na mimi ndiye niliyekuwa hodari wa mchezo ule, niliyeambiwa kwamba huo ndio unaomtoa mtu katika akili ya mtaa. Ulikuwa umetuzungusha ukaturudisha barazani pale pale, na taa zikiwaka.

Baba alinieleza siku ya pili, akinikalisha juu ya benchi la kazi kama mtu mzima mwenzake. Alisema, "Sikiza. Sisi hapa ni nyumba moja. Nyumba moja tu. Babu yako alikuja hapa na lugha mbovu na mashine, wakampa ukuta wa kuegemea. Nikisema maji yametoka kwetu, nguo za sanduku zimeharibiwa na sisi. Si mimi, si birika. Sisi. Wafahamu? Kesho litakuwa neno la mji, na wakwe watauliza ni kina nani hao, na watu watatafuta jina letu ambalo leo hawana haja nalo." Nilimuuliza, na Kadzo yeye ana nyumba ngapi hapa?  Akasema mimi bado mdogo. Namjibu sasa, kwa kuwa hayupo wa kunijibu: nilikuwa mdogo, na swali lilikuwa sahihi.

Siku chache baadaye alinichukua Mwembe Tayari kungoja basi la bara lililokuwa na vipuri vyake. Basi lilikuwa limechelewa, watu wamejaa chini ya mabati ya hoteli, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Kadzo alikuwa pale. Alikuwa amekaa nyuma ya karai la viazi, mwavuli umefungwa kwenye kiti, akiwauzia abiria. Nilimkimbilia. Baba alikuja nyuma pole pole.

"Habari za nyumbani, Fundi? Bibi yuko salama?"

"Salama, Kadzo. Nawe?"

"Namshukuru Mungu. Salma anakula? Yule akiwa na wasiwasi hali kitu."

Baba akasema anakula. Akauliza kazi. Kadzo alipindua viazi kwanza. Alisema amebisha Kuze, amebisha Kibokoni, na kila mlango humwuliza swali moja, si wewe yule wa nguo za sanduku? "Mji wa Kale ushanifunga," alisema, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia. "Kazi nyengine siijui. Dadangu naye nyumba yake ni hii hii unayoiona."

Nilimtazama Baba. Nilimvuta mkono wa shati. Mara hii, niliwaza, hapa hapana wakwe wala Bi Salha, hapa atasema. Alisema, "Mungu atajaalia."

"Amina," Kadzo akasema. Akatufungia viazi kwenye gazeti akakataa kulipwa. Tulipokuwa tukiondoka akauliza, "Na ule ukuta wenu, Fundi, ushakauka?"

"Bado," alisema Baba.

Nilidhani anauliza hali tu, kama watu waulizavyo kuku na mbuzi. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba shida yote iko mahali pamoja, kwamba watu hawajui. Nyanya alikuwa amenifunza hivyo, kwamba anayehukumu vibaya ni yule asiyeona vizuri. Mtoe mtu gizani, mpeleke penye mwanga, mwonyeshe, naye atabadili hukumu. Sikuwa nikiomba mengi. Nilitaka mtu mmoja aseme sentensi moja, na wakubwa wakishindwa, nitaisema mimi.

Nafasi ilikuja siku ya kuchagua mchele. Harusi ilikuwa imekaribia, nguo nyingine zimenunuliwa kwa siri na Bi Salha, wakwe wameambiwa kwamba zimeharibika chache kwa uzembe wa mtumishi na mtumishi ameondolewa, nao wameridhika. Wanawake wa mtaa walijaa ukumbini kwa Bi Rukia juu ya mikeka, kila mmoja na sinia lake, wakitoa chuya na vijiwe. Nyanya alikuwapo, amepewa mto wa kuegemea. Niliwaamkua wote, nikabusu mikono, nikapewa sinia dogo nikakaa karibu na Bi Rukia.

Mazungumzo yalikuwa ya pilau na wapishi. Kisha mmoja akasema mchele huu una mawe mengi, Kadzo angekuwapo tungekuwa tushamaliza. Bi Salha akasema, "Kadzo wa kukunja nguo mbichi?" na wachache wakacheka.

Niliweka sinia chini.

"Hazikuwa mbichi," nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Maji yalitoka kwetu. Birika letu lilifurika. Yamepita ukutani yakaingia kwenye sanduku. Baba yuwajua, na Nyanya yuwajua. Kadzo hakufanya kitu. Twendeni ghalani niwaonyeshe, doa liko pande zote mbili."

Hapakuwa na kelele. Nilitarajia kelele. Nilikuwa tayari kwa kila kitu, kwa Bi Salha kunikemea, kwa Nyanya kuniburuta nyumbani, kwa wote kuinuka na kwenda kuutazama ukuta. Masinia yaliendelea kupepetwa. Ni mkono wa Nyanya tu uliosimama juu ya mchele.

Bi Rukia alinishika goti. Hakuwa na hasira hata kidogo, na sauti yake ilikuwa ile ile aliyokuwa akinipokelea mlangoni tangu nilipojua kutembea.

"Kwani hapa ni nani asiyejua, mwanangu?"

Nilimtazama, nikatazama wengine. Nyuso zote nilizijua. Hakuna aliyeonekana kusikia jambo jipya.

"Kadzo mwenyewe alinishika mkono akanionyesha ukuta, siku ile ile," alisema Bi Rukia. "Lakini ningewaambia nini wakwe? Kwamba ni jirani yangu? Babako angeuweka wapi uso wake katika mji huu? Kadzo nilimwambia, nenda, yatapita. Akafahamu. Mtu wa watu hakusema neno." Akachukua sinia langu kutoka chini, akalirudisha mapajani mwangu. "Sitara ni kitu kikubwa. Utakua utafahamu. Haya, chagua mchele."

Nilimgeukia Nyanya. Alikuwa na machozi, na kwa muda mfupi sana nilifurahi, nikidhani sasa ataliona, sasa atalisema lile neno, mwiteni Kadzo arudi. Nyanya alinyoosha mkono akamshika Bi Rukia wa kwake.

"Mungu akulipe kheri, Rukia," alisema.

"Sisi ni ukuta mmoja, mama," Bi Rukia akasema.

Bi Salha akauliza kama vitunguu vimeshaletwa.